Kikohozi cha Hersende

Mimi ndiye niliyeiandika ile hati.
Ngozi ya ndama, unyoya wa bata bukini,
vidole vimeganda, kwa kuwa Bwana Aimeri
hawashi moto kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino,
hata bintiye akiozwa.

Kwa Kilatini, lugha isiyoona haya, niliandika:
kinu kimoja cha maji kwenye mto Aube, na mfereji wake;
mteremko mmoja wa mizabibu, upande wa jua;
kondoo arobaini, wenye mimba wahesabiwe mara moja;
na binti.

Hersende alisimama nyuma ya bega langu.
Hakujua kusoma, ila mistari aliweza kuihesabu.
"Mimi ni wa ngapi?"
Wa mwisho, bibie.
"Baada ya kondoo?"
Baada ya kondoo.
"Na jina langu?"
Nikamwambia nafasi imekwisha.
Nilidanganya. Palibaki upana wa vidole vinne.

Usiku ule akaingia mshairi kutoka kusini,
ujira wake supu na pahali pa kulala kando ya mbwa.
Akaghani mapenzi: bibi mrefu dirishani,
ndege wa usiku alalamaye hadi kifua kipasuke,
mpenzi aishiye mwaka mzima kwa tabasamu moja.
Wanaume wakalia ndani ya vikombe vyao.
Hata Josselin, bwana harusi, miaka hamsini na minane,
alifuta jicho kwa mkono ule ule
uliopiga muhuri mchana.
Hersende alipiga miayo. Akaniinamia:
"Huyo wa dirishani, mbona hana chawa?
Na mbona hakuna anayemuuliza neno?"

Asubuhi, mlangoni pa kanisa, padri aliuliza.
Sheria yataka jibu; bila jibu hapana ndoa.
Hersende akakohoa.
Kikohozi kidogo, kikavu, cha Novemba.
Padri alikuwa na njaa. Akatazama mawingu,
akamtazama baba mtu, akasema: amekubali.
Ikiwa kimya ni ridhaa,
kikohozi si kiapo kabisa?

Mnangoja niseme nilimpenda.
Nilikuwa karani, mgongo umepinda,
nalipwa kwa shayiri.
Nilichofanya ni hiki: nyuma ya hati,
kwa lugha ya sokoni, ile ya mama yangu,
niliandika jina lake, herufi nane. Nikakunja.
Kama huo ni upendo, utieni kwenye hesabu.

Kinu kikasaga miaka ishirini na miwili.
Josselin alikufa kwa samaki aliyelala,
akaacha funguo, madeni,
na msichana mmoja, Aalis, mwenye pua ya babake.

Juzi Hersende alinijia na ngozi ile ile kwapani.
"Ikwarue," akasema. "Ngozi ni ghali.
Tuandike ya Aalis juu yake."
Nikatwaa kisu. Nikakwarua kinu.
Nikakwarua mizabibu. Kondoo wote arobaini
wakawa vumbi jeupe juu ya magoti yangu.
Akaigeuza ngozi. "Na hili doa?"
Si doa. Ni jina.
"La nani?"
Nikamwambia.

Aliweka kidole juu yake muda mrefu,
kama mtu apimaye joto la mkate.
Hakulia. Akasema, "Hapa usiguse,"
kisha akamwita bintiye, aliyekuwa mlangoni na tofaa.
"Yuko kijana wa Bar. Ana shamba, ana meno yake yote.
Wamtaka?"

Aalis akakohoa.

"La," akasema mamake. "Hicho nakijua.
Sema kwa maneno."

Basi tumekaa. Moto unawaka, kuni zake yeye.
Tone la wino limevimba kwenye ncha ya kalamu,
na msichana anatafuna,
anatafuna,
hana haraka.